Geji ya presha ya mafuta kwenye Hilux ya zamani: uzoefu wangu wa miezi saba

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 2001, injini ya petroli 3RZ, lita 2.7. Inatoka Morogoro mjini, inapita Mzumbe na Mlali, inapandisha mbolea na bidhaa za dukani hadi Nyandira kule Mgeta, kisha inashuka na kabichi, karoti na njegere. Anayeijua barabara ile anajua kwamba ukishaiacha Mlali, injini haipumziki tena.

Msimu wa masika uliopita gari likaanza kunisumbua. Tambarare linakwenda bila shida. Mlimani likiwa na mzigo, kama robo saa tu baada ya kuanza kupanda, linajivuta, linamisi, na ukizidi kukanyaga ndiyo linazidi kukata. Liegeshe nusu saa, linapona. Rudi mlimani, yale yale. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi na waya zake. Ya pili wakasafisha nozeli, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, na kuweka filta mpya ya mafuta. Ya tatu fundi akasikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, akasema, "Kaka, hiyo ni pampu, leta laki mbili na elfu themanini." Hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Mpaka hapo nilikuwa nimeshatoa zaidi ya laki tatu na gari bado linanilaza njiani na mzigo wa watu.

Ndipo nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, nikanunua seti ya geji ya presha ya mafuta kwa shilingi 95,000. Inakuja ndani ya boksi la plastiki: geji yenyewe, mpira wa kama mita moja, kitufe cha kutolea presha chenye kimpira chake kinachoonyesha ndani, na viungio vingi vya shaba. Viungio vingi havinifai, ni vya magari yenye valvu ya kupimia kwenye reli ya nozeli. Toyota yangu haina valvu hiyo. Kinachotumika ni kile cha bolti yenye tundu katikati, unakiunga pale bomba la mafuta linapotokea kwenye filta. Washa zake, yaani vile viduara vya kuzuia kuvuja, hazikuwemo kwenye boksi, nikanunua mpya pembeni. Usirudishie washa za zamani, zitavuja.

Kabla ya kufungua bolti ile nilichomoa relei ya pampu, nikawasha injini mpaka ikajizima yenyewe, halafu nikatoa waya wa negativu kwenye betri. Hata hivyo petroli kidogo ilitoka, kwa hiyo weka tambara na uwe na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mafundi wanafungua bomba la mafuta huku injini ina moto.

Kipimo cha kwanza nilikifanya gari limesimama. Niliunganisha kwa kipande cha waya tundu la +B na la FP kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, nikafungua swichi bila kuwasha injini, pampu ikazunguka. Mshale ukasimama 39 psi (psi ni kipimo cha presha). Kwa injini hii kinachotakiwa ni kati ya 38 na 44. Nikawasha injini, kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, ikasoma 33, nayo ni sawa. Nikazima, nikasubiri dakika tano: 30. Inatakiwa isishuke chini ya 21, maana yake nozeli hazivuji na ile valvu ya pampu inayozuia mafuta kurudi tenki ni nzima.

Yaani kila kitu kizuri. Hapa ndipo ningefunga boneti na kusema tatizo si mafuta.

Lakini nilikuwa nimesoma jinsi regulata, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, inavyofanya kazi, na jambo moja lilinikaa kichwani. Regulata ina kimpira kinachovutwa na hewa ya manifoldi. Ukiwa sailensi mvuto ni mkubwa, kwa hiyo presha inashushwa. Ukikanyaga mafuta mvuto unapotea, presha inapanda. Kwa hiyo gari linapopanda mlima na mguu uko chini, mshale nao unatakiwa upande, ukae kwenye 39 au 40 na kitu. Sikuwa na sababu ya kuamini kipimo cha gari lililosimama uani kwangu wakati ugonjwa wenyewe uko mlimani.

Nikapitisha mpira kwenye kona ya boneti karibu na waipa, nikaibandika geji kwa nje ya kioo cha mbele kwa utepe. Kwa nje, narudia. Usiingize mpira wenye petroli ya presha ndani ya kabini hata kwa dakika moja. Tukapakia mifuko ya mbolea, utingo wangu akakaa upande wa geji, tukaondoka.

Mpaka Mlali ilikuwa inasoma vizuri. Tulipoanza kupanda ikagonga 39, nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba nitarudi mikono mitupu. Halafu kijana akaanza kusoma: "Thelathini na sita. Thelathini na mbili, mjomba." Gari bado lilikuwa linavuta. "Ishirini na nane." Likaanza kumisi. Lilipofika 24 likakata, nikaegesha. Nilikaa nikiutazama ule mshale, na sitaficha, nilifurahi. Miezi mitatu nabishana na watu, sasa ugonjwa una namba.

Pale pale, injini ikiwa sailensi, nilifanya kipimo kingine: nikaubana kwa muda mfupi sana, kwa koleo lililofungwa tambara, mpira wa mafuta yanayorudi tenki. Ukiuziba, pampu nzima inaruka juu ya 60 mara moja, na hapo unaachia. Yangu ilifika 46 ikagoma. Kwa hiyo regulata haina kosa, pampu ndiyo haina nguvu ya kusukuma.

Ningeweza kununua pampu siku ile, na wengi wangefanya hivyo. Ila geji inakuonyesha kwamba injini ina njaa, haikuonyeshi nani amezuia chakula. Nikaazima maltimita, nikalala chini ya gari, nikapima umeme kwenye plagi ya pampu wakati inazunguka. Betri ilikuwa na volti 13.9. Kwenye pampu: 9.7. Nikagusa waya chanya wa pampu na chuma cha chesisi, nikapata 13.4. Halafu waya hasi wa pampu na chesisi, pale pasipotakiwa kuwa na kitu: 3.7. Umeme ulikuwa unafika vizuri, ulikuwa unakwama kwenye kurudi.

Waya wa ethi wa pampu, ule hasi wa kurudishia umeme, umefungwa kwa bolti moja kwenye chesisi, chini ya bodi. Bolti yenyewe nilipoishika ilikuwa na ukoko mweupe na kijani, na terminali imeliwa mpaka imebaki kama karatasi. Miaka ya mbolea inayomwagika na maji ya kabichi yanayochuruzika imeishia pale. Kadiri pampu ilivyofanya kazi, kiungo kile kilipata moto na upinzani ukazidi, ndiyo maana gari lilikuwa linapona likipumzika.

Nikasugua chesisi mpaka chuma king'ae, nikaweka terminali mpya na bolti mpya, nikapaka grisi juu. Gharama haikufika 5,000. Kesho yake tukapanda na mzigo ule ule: 40, 41, haikushuka chini ya 39 mpaka Nyandira. Pampu ni ile ile hadi leo.

Kuhusu geji yenyewe, naipa nne kati ya tano. Niliilinganisha na ya fundi mmoja mwenye vifaa vizuri, zikapishana psi moja tu. Kitufe cha kutolea presha ni kitu cha maana sana, petroli inaingia kwenye chupa badala ya kumwagika juu ya injini. Ninayoilalamikia ni maandishi: geji inaenda mpaka 140, kwa hiyo namba tunazozihitaji sisi zimebanana kwenye theluthi ya chini, na usiku husomi kitu. Ukipata inayoishia 100, chukua hiyo. Pia kiungo cha kuchomeka haraka kilianza kutoa jasho la petroli nilipokitumia mara ya nne. Nilibadilisha oringi (pete ya mpira) ya ndani kwa shilingi 500 na tangu hapo kimekauka, ila sasa kila ninapoifunga nasubiri dakika mbili na tochi mkononi kabla sijawasha injini.