Risasi za shotigani kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwenye shotigani yenye leseni huku kwetu, awe Kilolo, Mbarali au Rungwe, mara nyingi aliitafuta kwa ajili ya shamba. Nguruwe pori wanalala mchana na kula mahindi usiku. Kanga wanafukua karanga hata kabla hazijachipua. Siku ya kununua risasi anaingia dukani, anaomba "geji 12", na anatoka na kasha lenye marisau (chembe zinazojazwa ndani ya risasi) makubwa kuliko yote au lenye neno "magnum" kwa herufi za dhahabu. Wengi wetu tunanunua risasi kubwa kuliko kazi tuliyo nayo. Ukubwa huo hauongezi shabaha. Unachoongeza ni umbali ambao chembe iliyokosa itasafiri kabla ya kuanguka, na kwenye vilima vyetu vyenye nyumba kila mgomba, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya bei.

Sheria kwa ufupi, maana bila hiyo mengine hayana faida. Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, uwe na leseni yako mkononi. Risasi zinazotolewa mfukoni na mtu usiyemjua Tunduma au Kasumulu ziache hukohuko, hata kama ni nusu bei. Na kumbuka kuwa leseni ya bunduki si kibali cha kuua mnyama: nguruwe pori, kanga na kwale ni wanyamapori, kwa hiyo zungumza na afisa wanyamapori wa wilaya kwanza. Bunduki ya marehemu baba nayo hairithiwi kama jembe. Inapelekwa polisi, na anayeitaka anaomba leseni kwa jina lake.

Anza na bunduki yako, si na kasha

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza vidole na macho.

Geji 12 ni upana wa mtutu, kama milimita 18.5. Haikuambii urefu wa chumba cha risasi. Bunduki nyingi za siku hizi zina chumba cha milimita 70, zingine 76. Lakini bunduki za zamani za mitutu miwili kutoka Uingereza, za aina ile inayotunzwa kwenye familia tangu enzi za walowezi, mara nyingi zina chumba cha milimita 65. Fungua bunduki ikiwa tupu, itoe mitutu, uangalie chini yake karibu na kitako. Utakuta alama kama 12/70, au inchi 2½, 2¾ au 3. Inchi 2½ ni milimita 65, 2¾ ni 70, na 3 ni 76. Usipoiona alama, mpelekee fundi wa bunduki aliyesajiliwa aipime. Usikisie.

Tatizo ni kwamba risasi ndefu huingia vizuri kabisa kwenye chumba kifupi. Urefu unaoandikwa kwenye kasha ni wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukishafunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, na risasi ya 70 ina urefu wa chini ya milimita 65. Kwa hiyo inaingia, bunduki inafunga, na unaamini mambo yako sawa. Ukifyatua, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka, njia inabanwa, na presha inapanda kupita kiasi ambacho mtutu ulitengenezwa kuhimili. Kuingia kwa risasi si ushahidi kwamba ni yake. Risasi fupi kwenye chumba kirefu haina shida hiyo. Ndefu kwenye kifupi, kamwe.

Lingine linalofanana na hilo: risasi ya geji 20, ambayo kwa kawaida ganda lake ni la njano, haifai hata kukaa mfuko mmoja na geji 12. Ikidondokea kwenye mtutu wa geji 12 inapita chumba na kukwama mbele. Mtu anaona chumba kitupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unapasuka karibu kabisa na mkono wa mbele. Nyumba yenye bunduki mbili za geji tofauti iwe na masanduku mawili, kila moja na ufunguo wake.

Kusoma kasha

Tafuta vitu vitatu: urefu wa ganda (12/70), uzito wa marisau kwa gramu (28, 32, 36), na ukubwa wa chembe. Hicho cha tatu kina mtego. Namba ya chembe inategemea nchi ilikotengenezwa. Namba 6 ya Kiingereza ni milimita 2.6, ya Marekani ni karibu 2.8. Namba inavyopanda, chembe inapungua. Ukitaka kulinganisha makasha mawili kutoka nchi mbili, achana na namba, soma milimita. Muuzaji mzuri hatachoka ukimwomba alisome kasha pamoja nawe.

Uliza pia kama marisau ni magumu. Madini ya risasi yasiyochanganywa na kitu ni laini. Wakati wa kufyatuliwa chembe zinagandamizana, zinapondeka, na iliyopondeka haiendi sawa. Watengenezaji huchanganya antimoni kidogo ili chembe zibaki duara. Kasha la namna hiyo huzidi bei, na kwa maoni yangu ni nyongeza yenye maana kuliko kuongeza gramu.

Sasa upangaji wangu.

Nafasi ya kwanza: 12/70, gramu 32, chembe za milimita 2.8 hadi 3

Kwa namba za Kiingereza ni 5 hivi. Kama una hela ya kasha moja tu mwaka huu, na kazi yako ni kanga na kwale wanaokula mbegu Isimani, Pawaga au kwenye miteremko ya Mufindi, chukua hii. Ndani yake kuna chembe kama 250. Kanga ana mifupa migumu na manyoya mazito, na chembe ndogo zaidi humjeruhi tu akaenda kufia kichakani. Hizi zinafika ndani hadi mita 35 kama mtutu wako unakusanya vizuri. Teke lake begani linavumilika, na bega lisiloogopa ndilo linalolenga.

Kingine kinachoipa nafasi ya kwanza ni usalama. Chembe ya ukubwa huu, hata ukipiga kuelekea juu, inaishiwa nguvu na kuanguka baada ya mita 200 na ushee. Si kwamba unaweza kupiga bila kujua mbele kuna nani. Lakini linganisha na zinazofuata.

Nafasi ya pili: SG, au 00 ya Kimarekani

Hizi ni chembe za zaidi ya milimita 8, tisa hivi kwenye ganda la 70. Ndizo za nguruwe pori, ukiwa na kibali, na ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko zote. Zikifika pamoja zinaangusha nguruwe wa kilo 70. Zikitawanyika, anapigwa na moja tumboni na kuondoka nayo, na nguruwe pori aliyejeruhiwa ukimfuata kwenye magugu alfajiri anakungoja.

Chembe tisa ni chache. Kwa hiyo umbali wake ni mita 25, si 50, hata kasha likisemaje. Kama huwezi kumsubiri mnyama mpaka mita hizo, usipige. Na chembe iliyokosa inaweza kusafiri karibu mita 600. Mkulima wa Idodi mwenye uwanda mbele yake anaweza kupata upande mtupu. Wa Tukuyu, ambaye nyuma ya mahindi kuna migomba na nyuma ya migomba kuna jiko la jirani, mara nyingi hana. Kwake naiondoa kabisa kwenye orodha, labda awe amekaa juu ya dungu analenga chini, udongo uipokee.

Nafasi ya tatu: slagi

Slagi ni pande moja zima la madini ya risasi, gramu 28 hadi 32. Mjerumani Wilhelm Brenneke alitengeneza ya kwake mwaka 1898, na Karl Foster wa Marekani akaja na ya kwake mwaka 1931. Aina nyingi unazoziona dukani zinatokana na hizo mbili. Inafaa kwa nguruwe katika umbali wa mita 50 kwa mtu aliyezoea bunduki yake, na ni ya mtu huyo peke yake. Inasafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa. Isipitishwe kwenye mtutu wenye choki (ufinyu wa mdomo wa mtutu unaokusanya chembe) iliyobana sana. Kwa usiku, kwa tochi, siishauri.

Nafasi ya nne: AAA

Inauzwa kama ya "kila kitu". Milimita 5.2: ni kubwa mno kwa kanga, maana chembe zinakuwa chache na ndege anapita katikati yake, na ni ndogo mno kwa nguruwe. Kama ndiyo pekee iliyobaki dukani, ningesubiri mzigo mwingine.

Nafasi ya mwisho ni gramu 28 zenye chembe za milimita 2 hadi 2.4, zile za michezo ya kulenga visahani. Kwa mazoezi ni nzuri na bei yake ni nafuu. Kwa mnyama hapana.

Mbili nisizozipa nafasi

Magnum ya milimita 76. Watu wanadhani ina kasi zaidi. Kinachoongezeka hasa ni marisau, gramu 42 na kuendelea, na teke linaloendana nayo. Kwa bata wa majira ya baridi huko Ulaya ina maana. Kwa shamba la ekari tatu Kilolo haina, na kwenye chumba cha 70 ni hatari ileile niliyoieleza.

Na risasi zilizojazwa upya na mtu, mwenye leseni ya bunduki au asiye nayo. Hujui baruti gani imewekwa wala kiasi gani. Baruti ya zamani yenye moshi na baruti ya kisasa hazipimwi kwa kipimo kimoja, na kosa la sehemu ndogo ya gramu linaweza kugeuza mtutu kuwa bomu. Bunduki ya zamani iliyotengenezwa kwa baruti ya moshi haipaswi kulishwa risasi ya kisasa kabisa.

Kuna adui wawili ambao hakuna risasi ya shotigani inayowafaa. Kwelea kwelea wa mpunga wa Mbarali wanakuja kwa makundi makubwa mno; kasha zima halitaacha alama, na kazi yao ni ya kunyunyizia dawa chini ya serikali, kwa hiyo toa taarifa mapema kwa afisa kilimo. Tembo wa vijiji vya kando ya Ruaha, usimpige marisau hata kumtisha. Unamjeruhi, na atakayekutana naye kesho ni mtoto anayechota maji. Piga simu kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Jaribu kabla ya kununua nyingi

Chagua aina mbili, ununue kasha moja la kila aina, nenda kwenye eneo lililoruhusiwa kulenga shabaha lenye kilima nyuma, tundika karatasi kubwa; mifuko ya simenti iliyofunguliwa na kuunganishwa inatosha. Piga kutoka mita 36, kisha chora duara la kipenyo cha sentimita 76 pale zilipojaa, uhesabu matundu. Mtutu usio na choki huweka karibu asilimia 40 ya chembe ndani ya duara, wenye choki kamili karibu 70. Kati ya bunduki mbili za aina moja, kila moja ina kasha inalolipenda. Kama kwenye duara kuna nafasi ambazo kanga mzima angepita bila kuguswa, sogea mita tano mbele, ujaribu tena. Umbali utakaojaa vizuri ndio mpaka wako shambani.

Risasi kwenye nyama na kwenye nyumba

Madini ya risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ukimpika kanga, kata na utupe nyama yote iliyozunguka tundu, usiishie kutoa chembe unayoiona. Kwenye maji ni vibaya zaidi: bata humeza marisau wakidhani ni changarawe, wanakufa polepole. Marekani ilikataza marisau ya risasi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Wanaoishi kando ya Ihefu wasisubiri kulazimishwa. Marisau ya chuma yapo, ila ni mepesi, kwa hiyo chukua chembe kubwa kwa hatua mbili, na usiyatie kwenye mtutu wa zamani au wenye choki iliyobana mpaka fundi akuruhusu.

Mwisho, utunzaji. Miteremko ya Rungwe inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ganda la karatasi linavimba na kitako cha shaba kinaota kutu ya kijani. Weka risasi kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, sanduku lenye kufuli, mbali na jiko na mbali na bunduki yenyewe. Iliyovimba, iliyopasuka mdomo au iliyolowa usiikaushe juani wala mekoni. Irudishe polisi au dukani. Na ukifyatua mahali kama Makete asubuhi ya Julai, kwenye baridi ya kugandisha umande, mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, simama: huenda kizibo, kile kinachotenganisha baruti na marisau, kimebaki ndani ya mtutu. Toa risasi zote, chungulia kutoka upande wa chumba, hakikisha unaona mwanga, ndipo uweke nyingine.