PgBouncer: bawabu wa databesi ninayemwamini, kwa masharti yake

Kwa kawaida siandiki tathmini ya programu kabla haijafikisha mwaka mikononi mwangu. PgBouncer, programu ndogo inayokaa mlangoni mwa databesi, imefikisha miezi 14. Imenivusha kwenye matoleo mapya mengi na imenipotezea siku mbili nzima kwa kosa langu mwenyewe, kwa hiyo sasa nina la kusema.

Ninatunza programu ya miadi ya kliniki. Mgonjwa anachagua siku, watu wa mapokezi wanathibitisha, daktari anaona orodha yake ya asubuhi. Nyuma yake kuna seva moja ya databesi, PostgreSQL. Siku za kawaida mambo yalikuwa shwari, lakini kila tulipotoa toleo jipya, maombi mengi yalirudi na ujumbe kwamba seva imejaa wateja. Baada ya dakika tatu hivi hali inatulia yenyewe. Ndiyo maana tulichelewa kulishughulikia: kosa linalojiondokea halimkeri mtu, isipokuwa yule mama aliyekuwa anajaribu kumwekea mtoto wake miadi ndani ya dakika hizo tatu.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya. Tulikuwa na nakala 6 za programu, kila moja ikiruhusiwa kufungua miunganisho 15 kwenye databesi. Hiyo ni 90. PostgreSQL kwa mpangilio wake wa mwanzo inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu, kwa hiyo sisi wengine tunabaki na 97. Tisini ndani ya tisini na saba, tunapumua. Ila wakati wa kutoa toleo, nakala 6 mpya zinawashwa kabla zile za zamani hazijazimwa. Kwa dakika hizo chache nakala ni 12, na miunganisho inayodaiwa ni 180.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tupandishe kikomo hicho, max_connections, hadi 500 tumalize. Tulijaribu, na kwanza tukagundua kwamba badiliko hilo linataka seva izimwe na kuwashwa upya. Halafu ikaja gharama yenyewe. PostgreSQL huanzisha mchakato mzima wa mfumo kwa kila muunganisho mmoja. Kila mchakato una kumbukumbu yake, na kila hoja (swali linalotumwa kwa databesi) inayopanga au kuunganisha majedwali inaweza kuchukua work_mem yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, tena zaidi ya mara moja ndani ya hoja moja. Miunganisho mia kadhaa kwenye seva yenye prosesa 4 haifanyi kazi mia kadhaa kwa wakati mmoja, inasukumana tu. Kasi ilishuka hata saa ambazo hakukuwa na wagonjwa wengi. Tukairudisha 100.

Hapo ndipo nilipoichukua PgBouncer. Kwa asiyeijua: ni programu ndogo inayokaa kati ya programu yako na PostgreSQL. Ilizaliwa ndani ya Skype, toleo la kwanza likatoka 2007, na ni huria, hailipiwi. Programu yako inaongea nayo kama inavyoongea na databesi, kwa lugha ileile, ila kwenye poti 6432 badala ya 5432. Wateja wakija elfu moja, yenyewe inashikilia miunganisho michache ya kweli kule nyuma na kuwagawia kwa zamu. Ni bawabu hasa: anajua ndani mna viti vingapi, na anayesubiri anasubiri mlangoni, si kusongamana ukumbini.

Kuisimika ni kazi ya nusu saa. Faili langu lote la mipangilio, ukiondoa maelezo, halijai hata skrini moja. Kiini chake ni hiki:

[databases]
kliniki = host=10.0.0.5 port=5432 dbname=kliniki

[pgbouncer]
listen_addr = 10.0.0.6
listen_port = 6432
auth_type = scram-sha-256
auth_file = /etc/pgbouncer/userlist.txt
pool_mode = transaction
default_pool_size = 20
max_client_conn = 1000

Kila mstari hapo una kisa chake, ila nitasimama kwenye ile inayowaangusha watu.

Mstari wa max_client_conn usipouandika, kikomo ni wateja 100. Yaani unaweka bawabu ili upokee watu wengi, naye anaanza kuwarudisha palepale PostgreSQL ilipokuwa inawarudisha. Ukiupandisha, kumbuka pia kikomo cha mafaili yanayofunguliwa na mchakato kwenye mfumo wa seva, kwa sababu kila mteja anahesabiwa kama faili lililofunguliwa. Mimi nilikipandisha hicho kwenye mipangilio ya systemd, inayowasha huduma za seva, siku ileile.

Mstari wa default_pool_size ni mtego wa kimyakimya. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani 20 ni jumla. Sivyo. Ni 20 kwa kila jozi ya mtumiaji na databesi. Ukiwa na watumiaji watatu na databesi mbili, na wote wakaingia kote, hesabu inafika 120, na umerudi ulikotoka. Ukitaka jumla isiyovukwa, iko max_db_connections. Iweke. Hata 20 yenyewe mtu asiione ndogo. Kwa seva ya prosesa 4, miunganisho 20 inayofanya kazi kwelikweli tayari ni mingi.

Halafu pool_mode, ambako ndiko kwenye moyo wa bidhaa hii. Kuna namna tatu. Ya mwanzo, isiyohitaji kuandikwa, ni session: mteja akipewa muunganisho anakaa nao mpaka aondoke. Kwetu isingesaidia, maana nakala za programu zinaingia asubuhi na haziondoki. Ya tatu, statement, inakataa kabisa miamala (kazi inayokamilika yote au isifanyike kabisa) yenye hoja zaidi ya moja, na sijapata kazi inayoifaa. Iliyobaki ni transaction: unapewa muunganisho muamala unapoanza, unanyang'anywa muamala unapoisha. Hii ndiyo inayofanya wateja 180 waishi kwa miunganisho 20 bila kugombana, na ndiyo inayodai masharti.

Sharti ni hili: muunganisho si wako tena. Chochote unachokiacha juu yake, anayefuata atakikuta.

Nililijua hilo kwa kusoma, kisha nikalijua kwa kuumia. Ukurasa wetu wa kutafuta wagonjwa ulikuwa na mstari mmoja, SET statement_timeout = '2s', ili utafutaji mzito ukatwe baada ya sekunde mbili. Ripoti ya mwisho wa mwezi nayo inaendeshwa na skripti tofauti, inayochukua dakika nne. Zamani skripti ile ilikuwa na muunganisho wake yenyewe na haikuwahi kukutana na ukurasa wa kutafuta. Nilipoipitisha kwenye PgBouncer kwa jina lilelile la mtumiaji, ikaanza kukatwa. Si kila mara. Mara inapita vizuri, mara inakatwa baada ya sekunde mbili, kwenye hoja ambayo haijabadilishwa kwa mwaka mzima. Mhasibu anasubiri, mimi natazama hoja isiyo na kosa lolote. Siku ya pili ndipo nilipoandika SHOW statement_timeout mwanzoni mwa skripti, nikaona mara 0, mara 2s, nikaelewa. Ukurasa wa kutafuta ulikuwa unaweka kikomo chake, unaurudisha muunganisho ukiwa bado na kikomo kile, na ripoti inaupokea hivyohivyo. Usafishaji wa DISCARD ALL, amri inayofuta kilichoachwa kwenye muunganisho, upo, ila kwa mpangilio wa mwanzo unafanyika kwenye namna ya session tu.

Dawa yake ni neno moja: SET LOCAL, ndani ya muamala, ambalo linakufa muamala ukiisha. Ripoti nayo nikaipa mtumiaji wake, na kikomo chake nikakiandika kwenye PostgreSQL kwa ALTER ROLE. Tangu hapo kimya. Lakini kabla hujawasha namna hii, pekua msimbo wako wote utafute neno SET, utafute LISTEN (kusubiri taarifa kutoka databesi), utafute pg_advisory_lock (kufuli zinazoshikwa muda wote wa muunganisho). Zote hizo zinategemea kwamba muunganisho ni wako. Watumiaji wa Django, mfumo wa Python wa kuundia programu za wavuti, waweke DISABLE_SERVER_SIDE_CURSORS iwe True, la sivyo kupitia jedwali kubwa kwa iterator() kutawaharibikia.

Jambo moja lililokuwa kilio kikubwa limerekebishwa, na wanastahili pongezi kwa hilo. Maktaba nyingi za kuunganisha databesi huandaa hoja mara moja na kuitumia tena na tena. Kwenye namna ya transaction hiyo ilikuwa inavunjika: hoja inaandaliwa kwenye muunganisho huu, inaitwa kwenye ule, seva inasema haiijui. Watu wakalazimika kuizima na kupoteza kasi. Kuanzia toleo 1.21 la 2023, PgBouncer inazifuatilia hoja hizo yenyewe kupitia max_prepared_statements. Inazishika zile zinazoandaliwa na maktaba kupitia itifaki. Ukiandika PREPARE kwa mkono ndani ya SQL, hiyo bado haiioni. Kama hazina ya vifurushi vya mfumo wako bado inakupa toleo la zamani, tafuta jipya kabla ya kuanza.

Upande wa nenosiri ndipo nilipoiona ngumu kuliko ilivyopaswa kuwa. Kwa scram-sha-256, njia ya kuthibitisha nenosiri bila kulituma wazi, unaweza kuweka kwenye userlist.txt nenosiri wazi, jambo nisilolipenda, au siri ya SCRAM iliyonakiliwa kutoka PostgreSQL. Siri hiyo lazima iwe ileile, herufi kwa herufi. Kutengeneza nyingine kutokana na nenosiri lilelile hakusaidii, kwa sababu chumvi yake, yaani herufi za nasibu zinazochanganywa na nenosiri, ni tofauti. Nilipobadilisha nenosiri upande mmoja nikasahau wa pili, programu ilikataliwa mlangoni. Sasa natumia auth_query, inayoiuliza PostgreSQL yenyewe, na faili lina mtumiaji mmoja tu. Nawashauri muanzie hapo.

Usimbaji fiche nao sasa una vipande viwili: kutoka programu hadi PgBouncer, na kutoka PgBouncer hadi PostgreSQL. Kipande cha kwanza kimezimwa mpaka ukiwashe kwa client_tls_sslmode. Mtu anaweza kuweka bawabu katikati na, bila kujua, akaanza kupitisha taarifa za wagonjwa wazi kwenye mtandao wa ndani. Kwangu hilo si jambo dogo. Vipande vyote viwili vimewashwa, na cha pili nimekiweka verify-full ili cheti cha seva kihakikiwe na jina lake pia.

Ninachokipenda kupita vyote ni chumba chake cha msimamizi. Unaingia kwa psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, kwenye databesi iitwayo pgbouncer, unaandika SHOW POOLS, na jedwali dogo linakuonyesha nani anafanya kazi na nani anasubiri. Safu ya cl_waiting ndiyo naitazama kwanza. Ikiwa sifuri, nalala. Ikipanda pamoja na maxwait, muda aliosubiri mteja wa kwanza kwenye foleni, kuna hoja nzito imekalia viti, na tatizo ni hoja hiyo, si uchache wa viti. Kabla ya hapo nilikuwa nakisia tu.

Na kuna PAUSE. Unaiandika, PgBouncer inasubiri miamala inayoendelea imalizike, kisha inawashikilia wateja wote pale walipo. Unaiwasha PostgreSQL upya, unaandika RESUME, kazi inaendelea. Mteja hapati kosa. Anahisi ukurasa umechelewa kidogo. Kuwa na haraka tu, maana query_wait_timeout ni sekunde 120, na aliyesubiri kupita hapo anakatwa. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mchana kweupe, mapokezi wakiwa kazini, kuwasha upya kulichukua sekunde 11 na hakuna aliyepiga simu. Nilifurahi kiasi cha kumwita mwenzangu aje aone.

Kasoro iliyobaki: mchakato mmoja wa PgBouncer unatumia prosesa moja tu. Kwetu haijawahi kuchoka, lakini mwenye mzigo mkubwa atalazimika kuendesha kadhaa kwa so_reuseport, inayoiruhusu michakato kadhaa kutumia poti moja, na hapo hesabu za miunganisho ya nyuma lazima azigawe upya. Nyaraka zake pia ni sahihi ila kavu: zinakwambia kila kitufe kinafanya nini, si ukibonyeze lini.

Nyota nne kati ya tano. Mwenye nakala moja ya programu yenye akiba ya miunganisho 10 haihitaji. Aache mambo yalivyo. Mwenye nakala zinazoongezeka na kupungua aiweke, ila abaki na anwani mbili. Programu yetu inapita 6432. Mabadiliko ya muundo wa majedwali na pg_dump, chombo cha kunakili databesi, vinakwenda moja kwa moja 5432, kwa kuwa vinahitaji muunganisho wa kukaa nao.

Jana tulitoa toleo jipya saa nne asubuhi, saa ya wagonjwa wengi. Nakala 12 ziliwaka pamoja. SHOW POOLS ikaonyesha miunganisho 9 inayofanya kazi kule nyuma, na kwenye cl_waiting sifuri.