Programu ya Kuchorea Ramani ya Kiwanja na Bustani: Ipi Ununue Kwanza

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya mandhari huniuliza swali lilelile: "Kaka, ninunue programu gani?" Mara nyingi anayeuliza ametoka kuangalia video ya bustani yenye majani yanayopepea na bwawa linalometameta, na moyo wake umeshaangukia programu iliyotoa picha hiyo. Kabla ya kumjibu, mimi humuuliza mambo mawili. Mpima ardhi anakuletea faili gani? Na siku ya kumwaga zege, fundi wako atakuwa ameshika nini mkononi?

Kwa wengi wetu mpima huleta faili la DWG (aina ya faili la michoro ya kompyuta) lenye mipaka, bikoni (nguzo za alama ya mpaka), pointi za urefu (ardhi imeinuka kiasi gani) na mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye urefu sawa. Fundi naye hushika karatasi ya A3 iliyochapwa steshenari, ikiwa na vipimo anavyoweza kuvisoma juani. Programu unayonunua inakaa katikati ya hao wawili. Isipoweza kulifungua faili la kwanza bila kuliharibu, au isipotoa karatasi ya pili kwa skeli sahihi, picha nzuri zote hazitakusaidia kitu.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Kazi yangu ya kwanza yenye malipo ya maana ilikuwa kiwanja cha mteremko kule Goba, Dar es Salaam. Faili la upimaji lilikuja na kontua zilizochorwa vizuri, namba za urefu zimeandikwa pembeni. Nilichora ngazi, ukuta wa kuzuia udongo na mtaro wa maji ya mvua. Sikujua kwamba kontua zote kwenye faili lile zilikuwa zimelazwa kwenye urefu sifuri. Namba zilikuwa maandishi matupu. Programu niliyotumia haikuwa na njia ya kujenga uso wa ardhi, kwa hiyo hakuna kilichonishtua. Fundi alipochimba msingi wa ukuta, tukakuta tofauti ya karibu mita nzima kati ya mchoro wangu na udongo wenyewe. Ukuta ulichorwa upya na mteja akalipia siku za mafundi waliokuwa wamekaa. Tangu siku hiyo, programu yoyote naipima kwanza kwa jinsi inavyoshughulikia urefu wa ardhi, na mengine yote huja baadaye.

Urefu ndio roho ya mchoro wa kiwanja. Ukitaka maji yaondoke barazani kwa mteremko wa asilimia 2, kila mita moja inashuka sentimita 2. Kutoka barazani hadi ukuta wa uzio mita 12 mbele, ardhi ishuke sentimita 24. Ukikosea hapo, masika ya kwanza yatamwingilia mteja sebuleni. Bustani ikichoka unaweza kupanda tena, lakini vitofali vya pevingi vilivyolazwa kwa mteremko uliogeuka vinang'olewa vyote.

Basi huu ndio mpangilio wangu, kwa mtu anayefanya kazi peke yake au ofisi ya watu wawili watatu.

1. BricsCAD Pro

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Inatengenezwa na Bricsys ya Ghent, Ubelgiji, iliyonunuliwa na Hexagon mwaka 2018. Inafungua na kuhifadhi DWG moja kwa moja, na amri zake zina majina yaleyale ambayo wengi walijifunza chuoni: LINE, OFFSET, TRIM, HATCH. Aliyezoea AutoCAD, programu ya kuchorea iliyoenea zaidi maofisini, anaanza kazi asubuhi ileile.

Nimeiweka juu kwa sababu ya vifaa vyake vya ardhi. Unachukua pointi za mpima, programu inaziunganisha kwa pembetatu, na unapata uso wa ardhi wenye urefu wa kweli. Kutoka hapo unaweza kutoa kontua zako mwenyewe, kukata sehemu kuonyesha mteremko, na kulinganisha ardhi ilivyo na ardhi unavyoitaka ili ujue udongo wa kukata na wa kujaza ni mita za ujazo ngapi. Kwa mteja anayelipia lori la kifusi kwa tripu, namba hiyo ina thamani kuliko picha kumi. Kontua zilizolazwa kwenye sifuri, kama zile zangu za Goba, zingeonekana hapohapo: uso wa ardhi ungetoka bapa kama meza.

Angalia usichanganye matoleo. BricsCAD Lite ni ya kuchora bapa tu (urefu na upana, bila kimo) na vifaa hivyo vya ardhi havimo. Muuzaji akikuambia "zote ni BricsCAD," mwombe akuandikie jina kamili kwenye ankara ya awali.

Jambo jingine: Bricsys wamekuwa wakiuza leseni ya kudumu pamoja na ya mwaka. Kwa kazi yetu, ambayo mwezi mmoja una miradi minne na miezi miwili inayofuata ni kimya, kulipa mara moja kunaokoa usingizi. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

2. AutoCAD LT, na lini uvuke kwenda AutoCAD kamili

AutoCAD ilitoka Desemba 1982 na mpaka leo ndiyo lugha ya ofisi nyingi za wasanifu na wahandisi. Kama kipato chako kinatokana na kupokea kazi kutoka ofisi kubwa, weka hii namba 1 na usibishane nami. Faili linalokwenda na kurudi mara kumi kwa wiki lisiwe na sababu yoyote ya kubadilika fonti au kupoteza bloku (alama iliyohifadhiwa ili itumike tena na tena, kama mti au mlango).

LT, toleo lake dogo, ni ya kuchora bapa, na kwa bei ya Marekani ni takriban dola 500 kwa mwaka. AutoCAD kamili ni takriban dola 2,000. Zidisha kwa miaka mitatu kabla hujasaini chochote, kwa sababu tangu 2016 Autodesk, watengenezaji wake, hawauzi tena leseni mpya za kudumu. Siku ukiacha kulipa, programu inafungwa.

Hapa wengi hudanganyika. Wanadhani wakilipa mara nne watapata vifaa vya ardhi. AutoCAD kamili ina uchoraji wa pande tatu, lakini haijengi uso wa ardhi kutokana na pointi za mpima wala haikokotoi kukata na kujaza. Kazi hiyo ni ya Civil 3D, programu nyingine ya Autodesk, ambayo ni ghali zaidi na inatumika kwenye Windows pekee. Kwa hiyo kwa mchora bustani, kuvuka kutoka LT kwenda kamili kuna maana ukihitaji pande tatu kwelikweli au programu-jalizi (nyongeza inayowekwa ndani ya programu) kama Land F/X, inayotengeneza jedwali la mimea na mfumo wa umwagiliaji. Tangu toleo la 2024, LT inakubali AutoLISP (lugha ya kuandikia amri zako mwenyewe), na hilo limepunguza sababu za kuvuka.

Kwa walio mbali na mji: leseni ya mtumiaji mmoja ya Autodesk inataka kompyuta iguse intaneti angalau mara moja kila siku 30. Ukikaa kambini kwenye mradi wa hoteli ya mbugani, panga safari ya mtandao mapema.

3. QGIS pamoja na QCAD Professional

Hii ni njia ya asiye na mtaji, na ninaiheshimu. QGIS, programu ya ramani, ni ya bure kabisa, na QCAD Professional, programu ya kuchorea inayosoma DWG, bei yake ni makumi machache ya euro. LibreCAD ni ya bure na ni ndugu yake QCAD, ila kwenye DWG inasumbua. Mwombe mpima akuhifadhie DXF, aina nyingine ya faili la michoro.

QGIS inakupa kitu ambacho hata wengi wenye programu ghali hawakitumii: inaelewa kiwanja kiko wapi duniani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS inatoa mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, mchoro unahama takriban mita 300 kwenye mhimili wa kaskazini na kusini, na picha ya satelaiti inakaa juu ya nyumba ya mtu mwingine. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, kanda ya ramani ni UTM 37 Kusini: namba ya EPSG, unayoichagua ndani ya programu, ni 21037 kwa Arc 1960 na 32737 kwa WGS 84. Ziandike ukutani.

Onyo moja. Ukipakua data ya bure ya urefu ya SRTM, iliyokusanywa na chombo cha NASA Februari 2000, kila kipande chake ni kama mita 30 kwa 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinamezwa chote ndani ya kipande kimoja. Inafaa kuonyesha bonde na mkondo wa maji wa mtaa mzima, lakini usithubutu kuitumia kuchora ngazi.

4. SketchUp

Naipenda, na naitumia kila wiki, ila si programu ya kununua kwanza. Nguvu yake ni pale mteja anapokaa mbele yako asielewe ramani bapa, nawe unamwonyesha pagola, kivuli cha mwembe saa tisa alasiri na jinsi ukuta utakavyoficha matangi ya maji. Anaelewa, anakubali, anatoa malipo ya awali.

Toleo la bure linafanya kazi kwenye kivinjari, linakula kifurushi chako cha intaneti, haliingizi DWG, na masharti yake hayaruhusu kazi ya biashara. Pro, takriban dola 400 kwa mwaka, inaingiza DWG, ina vifaa vya kujenga ardhi kutokana na kontua, na inakuja na LayOut, programu ya kupanga karatasi zenye skeli.

Faili la mpima likiwa na majira ya kweli (namba za mahali pa kiwanja kwenye ramani), namba ya kaskazini ya kiwanja cha Dar es Salaam ni mita 9,248,000 na ushei. Ukikiingiza hivyo kwenye SketchUp, mistari inacheza na nyuso zinakataa kufunga, kwa sababu umbali kutoka pointi ya sifuri ya mchoro ni mkubwa mno. Tengeneza nakala ya faili, sogeza bikoni moja hadi sifuri, andika kipimo ulichosogeza, ndipo uingize. Lile faili la asili usiliguse.

5. Vectorworks Landmark, na Rhino yenye Lands Design

Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa mandhari. Mti ni mti tangu unapouweka: una jina, upana wa kivuli, bei, na unaingia wenyewe kwenye jedwali. Sababu ya kuziweka chini ni gharama ya kuingia na upweke wa kujifunza, kwa kuwa jirani wa kumuuliza ni nadra. Pia maktaba zao za mimea zimeegemea bustani za Ulaya na Marekani. Mjohoro, mlangilangi na mkungu utaviandaa mwenyewe. Rhino inauzwa kwa leseni ya kudumu, dola 995, na inakupa siku 90 za majaribio ya kila kitu. Mwenye miradi ya maumbo ya mviringo na vilima vya kubuni aiangalie kwa makini.

Kuhusu programu za kuchakachua

Zipo mtaani kwa bei ya soda, na najua ofisi zilizoanza nazo. Mimi nakushauri uziache. Kompyuta yenye mafaili ya wateja, hati zao na ramani za nyumba zao haipaswi kuendeshwa na programu iliyovunjwa ufunguo na mtu usiyemjua. Kama hujaweza kununua, namba 3 hapo juu itakulisha mpaka uweze. Mwanafunzi naye ana haki ya leseni ya masomo ya Autodesk bila malipo, kwa masomo tu.

Jaribu kabla hujalipa

BricsCAD inatoa siku 30 za majaribio. Usizitumie kwa faili la mfano lililokuja na programu. Chukua faili bovu kuliko yote uliyowahi kuletewa na ufanye haya.

Lifungue, kisha pima umbali kati ya bikoni mbili unazozijua. Wapima huchora kwa mita, wasanifu kwa milimita. Ukipata 30 au 30,000 badala ya ulichotegemea, rekebisha kwa amri ya UNITS na kwa kukuza au kupunguza mchoro mara 1,000 kabla ya kazi yoyote. Bofya kontua moja uone urefu wake halisi, siyo namba iliyoandikwa pembeni. Weka miti 40 kama bloku, ukichora mwembe kwa upana wa mita 10 utakaofikia ukubwani, kisha iambie programu iihesabu kwa amri ya QSELECT. Mwisho chapa. Karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100 inabeba mita 42 kwa 29.7, kwa hiyo kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinaenea na kisanduku cha jina kinapata nafasi. Eneo la ekari moja nenda A1 kwa 1:200. Peleka PDF steshenari unayoitumia siku zote, chukua rula, na upime mstari wa mita 5 kwenye karatasi: kwa 1:100 uwe sentimita 5 kamili. Ukitoka 4.8, uliza kama mashine yao imewekwa kubana ukurasa, waiondoe, mchape tena mbele yako.