Kiyoyozi cha mahali pa joto na unyevu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Penye joto la fukuto, kiyoyozi kina kazi mbili: kupoza hewa na kuikausha. Dukani utaelezwa ya kwanza tu, na wanunuzi wengi nao huulizia hiyohiyo. Ndiyo maana utaingia chumba chenye baridi inayopenya mifupa, lakini shuka zina majimaji na nyuma ya kabati kumeota ukungu. Mfumo wa Willis Carrier wa mwaka 1902 kule Brooklyn ulitengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, na kilichowasumbua pale ni unyevu: karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa, rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hiyo hapa nimetazama kwanza uwezo wa kukausha hewa, kisha ulaji wa umeme, na bei ya kununulia mwisho.

Kabla ya aina, ukubwa. Hewa ikipita kwenye koili baridi, yaani mabomba yaliyojikunja ndani ya kiyoyozi, mvuke uliomo hugeuka matone, kama bilauri ya maji ya barafu inavyotoa jasho, na matone hayo hutoka nje kwa bomba. Kazi hiyo inataka muda. Kiyoyozi kikizidi chumba, kitafikia nyuzijoto ulizoweka baada ya dakika chache na kuzima, na maji yaliyonata juu ya koili yatarudi hewani kabla hayajatiririka. Kwa hiyo mtu akikwambia “chukua kikubwa, chumba kitapoa haraka”, usimsikilize. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 mara nyingi kinatoshwa na BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza). BTU 12,000, yaani takriban kilowati 3.5, ni za chumba kikubwa zaidi, au kile kinachopigwa na jua la alasiri, au kilicho chini ya bati lisilo na dari nzuri. Na ziba mianya ya milango na madirisha kwanza, kwa sababu kila upenyo unaingiza unyevu mpya.

Naweka namba moja spliti ya inveta, yaani kiyoyozi chenye kifaa kimoja ndani na kimoja nje. Kompresa yake, pampu inayosukuma gesi, hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kila mara, hivyo inakaa kazini muda mrefu, hewa inaendelea kukauka na umeme unaliwa kidogo. Ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji: usiku joto likipungua, kompresa hujikokota, koili haipoi vya kutosha na ukaushaji hushuka. Hapo ndipo unabonyeza rimoti mpaka ionyeshe alama ya tone la maji, ambayo hupunguza feni na kuipa hewa nafasi ya kuacha maji yake. Ukilinganisha mbili zenye BTU sawa, omba kijitabu cha maelezo, tafuta mahali palipoandikwa lita za maji zinazotolewa kwa saa. Yenye lita nyingi na namba kubwa ya SEER, kipimo cha ubaridi unaoupata kwa umeme unaoliwa, ndiyo ya kubeba.

Spliti ya kawaida, isiyo ya inveta, inafuata kwa karibu. Ikiwa na ukubwa sahihi inakausha vizuri sana, maana ikiwaka inafanya kazi kwa nguvu zote. Kwa chumba kinachotumika saa mbili tatu kwa siku, mimi ningechukua hii. Pia penye umeme unaopanda na kushuka ina unafuu, kwa kuwa bodi ya elektroniki ya inveta ikiungua ni gharama nzito. Aina zote mbili ziwekee stebilaiza na laini yake ya umeme.

Cha dirishani kinadharauliwa bila haki. Kina kelele, kweli, na kinakula dirisha, lakini kinakausha, hakihitaji kuunganishwa mabomba ya gesi, na mpangaji anahama nacho.

Mfumo wa kifaa kimoja cha nje na kadhaa ndani ununue tu pale ukuta wa nje usipokuwa na nafasi. Cha nje kikifa, nyumba nzima inatoka jasho. Ule wa kupitisha hewa kwa mifereji darini nao unataka nyumba iliyojengwa kwa ajili yake, vinginevyo mifereji inavuja, inatoa majimaji na kuota ukungu usikouona.

Cha kuhamishika chenye bomba moja sikipendekezi. Kinachukua hewa ya chumbani na kuitupa nje, na nafasi yake inajazwa na hewa ya moto yenye unyevu inayopenya chini ya mlango. Kama huna budi, tafuta chenye mabomba mawili.

Kipoza hewa cha maji, kile cha kujaza tangi, kiache kabisa. Kwenye ukame kinasaidia kwa bei nafuu. Hapa kinaongeza maji kwenye hewa ambayo tayari imeshiba.

Kuhusu gesi ya kupoza iliyomo ndani, usinunue kiyoyozi cha R22 hata kwa bei ya kutupa: inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R32 ina mchango wa kupasha dunia joto ulio chini ya theluthi moja ya ule wa R410A, gesi nyingine ya viyoyozi, ila inaweza kushika moto, kwa hiyo inataka fundi anayeijua. Ukiwa karibu na bahari, uliza kama vibati vya alumini vya kifaa cha nje vimepakwa kinga ya chumvi.

Kisha msimamie fundi. Kabla ya kufungulia gesi lazima apige vakyumu kwa pampu kutoa hewa na unyevu ndani ya mabomba. Akitaka kuipuliza hewa itoke kwa gesi yenyewe, mzuie. Mabomba yote mawili ya shaba yavishwe sponji, kila moja lake, la sivyo yatatona ukutani. Bomba la maji lishuke mteremko mpaka mwisho. Mimina jagi la maji kwenye trei ya kifaa cha ndani, toka nje ukaangalie yakidondoka yote, ndipo ulipe.