Bunduki ndogo ya gundi ya moto: miezi minane nikipanga nyumba kwa maboksi na makopo

Nimesubiri miezi minane ndio naandika maoni yangu, maana kifaa cha nyumbani siku ya kwanza chochote kinapendeza, tabia zake unazijua mkishakaa pamoja. Nazungumzia ile bunduki ndogo ya gundi, ya kuchomeka kwenye umeme, wati 20, inakula vile vijiti vyembamba vya milimita 7. Ipo na kubwa yake ya vijiti vya milimita 11 yenye wati 60 kwenda juu, hiyo nimeishika kwa dada yangu, ina nguvu ila nzito mkononi na inamwaga gundi nyingi kwa mpigo mmoja, kwa kazi za maboksi na vitambaa mi naona hii ndogo inatosha kabisa.

Nyumba yetu ina watoto watatu. Mwenye watoto ananielewa nikisema droo ya sebuleni ilikuwa haifungi, ukiivuta unakutana na chaja zimefungana kama mizizi, penseli tatu zisizochongwa, funguo za makufuli ambayo hata hayapo tena, na risiti za tangu enzi. Kila jioni "Mama rula yangu iko wapi," "Mama nani kachukua mkasi," nikawa nachoka. Nikaangalia vile vigawio vya plastiki vya kuweka ndani ya droo, vizuri kweli, lakini ukipima droo yako unakuta hakuna kinachoingia sawasawa, kimoja kirefu kingine kifupi, na ukitaka vya droo nne hela inaondoka. Huku chini ya kitanda nina maboksi ya viatu yamejaa hewa tu. Ndio nikainunua hii bunduki.

Kazi ya kwanza ikawa ile ile droo. Nilipima kina cha ndani nikapata sentimita 9, nikakata vipande vya boksi vyenye kimo cha sentimita 8 ili droo ikifungwa visikwaruze, nikavipanga kama vyumba vya nyumba, chumba cha chaja, chumba cha kalamu, chumba cha betri na rimoti, kila kona nikaiwekea msitari wa gundi. Dakika arobaini na tano nimemaliza. Kitu kimoja nilichojifunza hapo na sikukisikia kwa mtu: boksi gumu ukilichungulia pembeni utaona lina mawimbi ndani, sasa ile mistari ya mawimbi isimame wima kama nguzo, usiilaze. Kipande cha kwanza nilikikata mistari ikiwa imelala, baada ya wiki kikawa kimepinda kabisa, vile vilivyosimama mpaka leo viko sawa, na ile droo mtoto anaivuta kwa nguvu mara kumi kwa siku.

Sasa kwanini gundi hii na sio ile nyeupe ya maji ya shuleni. Ile nyeupe inashika kwa kukauka, lazima maji yatoke, kwahiyo unakaa umeshikilia kona mbili kwa vidole mpaka mkono unakufa ganzi. Hii ya moto ni plastiki imeyeyushwa, inashika kwa kupoa, nusu dakika mpaka dakika moja umeshaachia unaendelea na kona nyingine. Kwa mtu anayefanya kazi zake watoto wakiwa wamelala mchana hiyo ni tofauti kubwa sana. Ila ukitaka kubandika karatasi au kitambaa juu ya eneo pana, mfano kufunika mfuniko mzima wa boksi, achana na bunduki, tumia ile nyeupe uipake kwa brashi, kwa sababu hii ya moto inaacha vinundu na mistari chini ya kitambaa na ukishaviona huwezi kuacha kuviona. Mimi nafanya hivi: uso wa boksi naupaka gundi nyeupe, kingo na mikunjo ya ndani ndio namaliza na ya moto. Maboksi tisa ya viatu nimeyavika nguo kwa mtindo huo, nimetumia mashuka ya zamani na mashati ya mume wangu yaliyochakaa kola tu mwili mzima bado mzuri, yamekaa kwenye shelfu la chumba cha watoto utadhani yalinunuliwa seti.

Kwa mdogo ambaye hajajua kusoma, badala ya kuandika nilichora. Boksi la soksi lina soksi, la magari lina gari, la vipande vya kujengea lina kinyumba. Juzi nimemsikia anamwambia mtoto mwenzake aliyekuja kututembelea "hapana, hiyo inakaa kwa gari," nikasimama pale mlangoni nimefurahi mwenyewe.

Makopo sasa. Hapa ndio watu wengi wanaanzia na hapa ndio wengi wanakasirika, naomba nikae kidogo. Kopo la bati ukilizungushia kamba ya katani linakuwa chombo kizuri cha kalamu, brashi, miswaki, hata mwiko. Lakini bati linanyonya joto haraka, gundi ikigusa tu inaganda kabla haijashika vizuri, baada ya wiki mbili kamba inachomoka yote kama soksi. Dawa yake nimeipata baada ya makopo matatu kuharibika. Kwanza osha kopo vizuri litoke mafuta, kisha likwaruze kwa msasa, kisha lipashe na mashine ya kukaushia nywele mpaka liwe la uvuguvugu, hapo ndio uweke gundi kidogo kidogo, sentimita tano unazungusha, tano nyingine unazungusha. Na ile midomo yenye makali igonge ndani kwanza kwa kitu kizito, hasa kama vidole vya watoto vitaingia humo.

Kamba nayo watu wanakisia wanapungukiwa katikati. Hesabu ni rahisi, kopo langu lina upana wa sentimita 7.5, zidisha kwa 3.14 unapata kama 23.5, huo ni mzunguko mmoja. Urefu wake ni sentimita 11 na kamba ina unene wa nusu sentimita, kwahiyo mizunguko 22. Ishirini na mbili mara 23.5 ni sentimita 517, yani mita 5 na kitu, mi nakata mita 5 na nusu nalala usingizi. Vijiti vya gundi kwa kopo moja havizidi viwili vile vifupi, wala huna haja ya kupaka kila mahali, mzunguko wa kwanza na wa mwisho ndio upake wote, ya katikati matone tu.

Mapambo nimefanya machache maana mi napenda kuta zipumue. Kilichopendwa na wote ni sehemu ya kubania michoro: ubao mwembamba, vibanio vya nguo vya mbao kumi na mbili vimebandikwa kwa mgongo, basi. Mtoto akileta mchoro mpya anabana mwenyewe, wa zamani unaingia kwenye boksi, hakuna tena kubandika na selotepu mpaka rangi ya ukuta inabanduka. Gundi kwenye mbao inashika kwa nguvu mno, nimejaribu kukitoa kibanio kimoja nikang'oa na nyuzi za mbao. Ubao wenyewe nimeupigilia misumari miwili ukutani, sikuubandika, na hili nalisema kwa msisitizo: gundi ya moto sio ya kuning'iniza kitu ukutani. Mwezi wa pili nilibandika ndoano nyuma ya mlango wenye rangi ya mafuta nikaning'iniza kioo kidogo, usiku wa manane tukashtushwa na mlio, kioo vipande vipande. Bahati hakuna aliyekuwa karibu. Kitu laini kama kioo, vigae, rangi ya mafuta, plastiki inayoteleza, hiyo gundi haina pa kujishikia, inabanduka kwa kucha. Inapenda kitu chenye vinyweleo, karatasi, boksi, mbao, kitambaa, kamba.

Joto pia ni adui. Ilivyoyeyuka kwa moto ndivyo inavyorudi kuyeyuka, ikifika kama nyuzi joto 60 inaanza kulegea, kwahiyo mapambo ya kwenye gari lililoachwa juani, karibu na jiko, au kwenye dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa, utayakuta yamelala chini. Nguo nazo usizipinde kwa gundi hii kama zitapigwa pasi. Dada yangu alipinda pazia hivyo, pasi ilipopita gundi ikatokeza upande wa pili ikaacha doa linalong'aa, pazia likaharibika.

Turudi kwenye kifaa chenyewe. Inapata moto kwa dakika tano hivi, ukianza kuminya kabla ya hapo unalazimisha na kifyatulio kitavunjika, jirani yangu kavunja chake kwa haraka tu. Waya ni mfupi, mita moja na kidogo, nafanyia kazi pale pale karibu na soketi. Haina swichi ya kuwasha na kuzima, ukichomeka imewaka, na hili silipendi hata kidogo kwenye nyumba yenye watoto, ukinunua ongeza hela kidogo upate yenye swichi na taa ndogo. Kile kiguu cha waya cha kuisimamishia ni cha kipuuzi, ukigusa waya inaanguka kifudifudi na ncha inagusa meza. Mimi naiweka juu ya kigae kilichobaki wakati wa ujenzi, na kinachodondoka kinabanduka kikipoa. Inavuja matone hata usipominya, hiyo ni kawaida yao, ila usiiache imechomeka saa nzima ukaenda kufanya mengine, na kijiti kilichobaki ndani usikivute kwa nyuma, kiache humo humo utaendelea nacho siku nyingine.

Kuhusu kuungua sitaki kupunguza maneno. Zile zinazoitwa za joto la chini zinafika kama nyuzi 120, za joto la juu kama 190, zote zinaunguza, na gundi yenyewe inang'ang'ania ngozi tofauti na maji ambayo yanatiririka. Binti yangu wa miaka kumi na moja aliminya kipande cha boksi gundi ikatokeza pembeni ikamkalia kidoleni. Nilimkimbiza kwenye bomba, maji ya baridi yanayotiririka dakika 20 kamili, sio barafu wala dawa ya meno, na sikuibandua gundi ikiwa moto maana inaondoka na ngozi. Kidole kilipona. Tangu siku hiyo sheria ni kwamba kubandika nabandika mimi, yeye anapima, anakata na kuchagua rangi, na sehemu ndogo tunabonyezea kwa mpini wa kijiko cha mbao badala ya kidole. Kama wanao wako chini ya umri huo wape gundi nyeupe wafurahi nayo.

Zile nyuzi nyuzi kama utando wa buibui zinazobaki kila mahali, usizichune moja moja, pitisha mashine ya nywele kwa mbali zinajikunja zinapotea. Ukikosea ukabandika mahali pasipotakiwa, chovya pamba kwenye spiriti upake pembeni ya gundi, subiri kidogo, inaachia yenyewe. Hii imeniokoa boksi mbili. Ila bunduki iwe imechomolewa na imepoa, spiriti inashika moto.

Kwa ujumla naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa kukosa swichi na kwa ubovu wa kile kiguu. Niko pakiti ya tatu ya vijiti sasa, na ninunue nini kama sio vile vile vya wazi, vya rangi nimevijaribu vinapendeza kwenye karatasi tu. Wiki hii nashughulika na chini ya kitanda, nimepata maboksi mawili makubwa ya kuta mbili mbili, yani yenye tabaka mbili za yale mawimbi, nayawekea vishikio vya kamba kwa kutoboa, sio kubandika, maana yatabeba mablanketi, na chini nabandika vipande vya zulia la zamani ili yateleze sakafuni. Mdogo ameshaulizia tutachora nini juu yake, nimemwambia blanketi, kasema hapana mama, chora mtu amelala.