Kitufe Kimoja, Tabia Nne: Wiki Tatu na Programu ya Kuandikia Vipengele

Mbukwenyi! Karibuni tena watazamaji wangu. Leo narekodia nyumbani, Area C hapahapa Dodoma, na mkisikia kitu kinagonga nyuma yangu ni dirisha. Upepo wa mwezi wa saba mnaujua wenyewe.

Leo sina simu mpya wala spika. Nina programu ya kompyuta, zile za kuandikia kwa vipengele. Jina lake nimeliziba hapo juu kwenye skrini, na nimefanya makusudi. Tabia nitakazowaonyesha wanazo wenzake wengi, sitaki mtu ashuke kwenye maoni kuitukana hii moja akidhani nyingine zimepona.

Kwa ambaye hajawahi kuzigusa: unaandika kichwa, chini yake unaweka watoto, chini ya watoto wajukuu. Ukitaka kuona vichwa tu, unafunga, watoto wanajificha. Ukitaka undani, unafungua. Basi. Na si jambo geni. Tarehe 9 Desemba 1968, kule San Francisco, mtafiti Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta orodha ya manunuzi ya nyumbani, akaipanga kwa makundi, akawa anaifunga na kuifungua kwenye skrini, watu wakabaki midomo wazi. Mwaka 1983 Dave Winer akatoa ThinkTank, programu ya kazi hiyohiyo kwa kompyuta za mezani. Sasa hesabu mwenyewe tangu 1968 ni miaka mingapi, na mpaka leo watengenezaji hawajakubaliana kitufe cha Enta kifanye nini.

Mimi nilikuwa nimeshaizoea, sikuwa naona tatizo. Aliyenifumbua macho ni mama yangu mdogo. Yeye ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu kule Mpunguzi, na mwaka jana nilimwekea programu hii kwenye laptop yake aandikie mihtasari ya vikao. Nikajiona kijana mwema kweli. Mwezi uliopita, saa tatu usiku, simu inaita.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, kikao kizima kimepotea. Imebaki Dawa peke yake."

"Umefuta kitu?"

"Sijafuta chochote. Nimegusa nukta tu."

Nimegusa nukta tu. Ngoja niwafungulie hapa mwone alichokiona.

Huu ni mfano wa muhtasari wake. Kichwa, Kikao cha Juni. Chini yake Kupogolea, Dawa, Mavuno, Madeni. Kila mstari una nukta nyeusi mbele yake, na ukisogeza mshale wa kipanya karibu, pembeni ya nukta kinatokea kimshale kidogo. Nabonyeza kimshale: Dawa inafunguka, watoto wake wanaonekana, majirani zake wote wapo. Sasa nabonyeza nukta. Angalieni. Kupogolea hakuna. Mavuno hakuna. Madeni hakuna, na kuna watu kwenye kikundi kile wangefurahi sana.

Hakuna kilichofutwa. Nukta maana yake ni "ingia ndani ya kipengele hiki, vingine niwekee nje." Ni kazi nzuri, mimi naitumia kila siku. Lakini kati ya nukta na kimshale hapapiti hata punje ya ulezi, na dalili pekee kwamba umeingia chumbani na nyumba bado ipo ni maandishi haya hapa juu, ya kijivu, membamba: Nyumbani, Kikao cha Juni, Dawa. Mama mdogo anavaa miwani. Yale maandishi kwake ni uchafu wa kioo.

Nikamwambia bonyeza neno Nyumbani. Akanijibu yuko nyumbani tayari.

Haya, twende kwenye alama ya kujumlisha, maana hii nayo inanichosha. Kwenye programu hii, kujumlisha iliyo pembeni ya kichwa maana yake kimefungwa, nifungue. Kujumlisha iliyo chini kabisa ya ukurasa maana yake ongeza mstari mpya. Alama ileile, wino uleule! Na ukihamia kwenye Word, ule mwonekano wake wa vipengele, kujumlisha maana yake ni kwamba kichwa hiki kina kitu chini yake, na inabaki kujumlisha hata kikiwa kimeshafunguliwa. Ukiibonyeza mara moja inachagua kichwa na vyote vilivyo chini yake. Ili ifungue au ifunge ubonyeze mara mbili. Mtu akitoka huku kwenda kule, kidole chake kinamdanganya.

Sasa Enta. Nimeihesabia tabia nne. Ukiwa mwisho wa mstari wa kawaida, unapata mstari mpya chini yake, mdogo wake, yaani ndugu wa ngazi ileile. Ukiwa katikati ya maneno, mstari unakatika vipande viwili. Ukiwa mwisho wa kichwa kilichofunguliwa chenye watoto, mstari mpya unazaliwa kama mtoto wa kwanza, juu ya wote. Kichwa hichohicho kikiwa kimefungwa, unazaliwa nje kama mdogo wake. Na ukibonyeza kwenye mstari mtupu… aisee, hii ni ya tano, kichwa cha video kimeshaharibika. Kwenye mstari mtupu haiongezi kitu kabisa, inauvuta kushoto ngazi moja.

Nitawashangaza hapa. Mimi siipingi. Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kukata na kubandika, alichukia mno vitufe vinavyobadilika kazi kulingana na hali, mpaka kibao cha namba cha gari lake kiliandikwa NOMODES. Namheshimu, lakini ukitaka kila kitufe kwenye programu ya namna hii kiwe na kazi moja tu, utahitaji vidole ishirini. Kila moja ya hizo tano, ukikaa nayo, ina akili. Ninachogombana nacho ni ukimya. Enta inabadilika na haisemi. Hakuna kivuli cha mstari kinachoonyesha utatokea wapi, hakuna rangi, hakuna chochote. Unabonyeza halafu ndiyo unajua.

Kitufe cha Tabu, jina limekaa mahali pake. Kazi yake ni kuusukuma mstari kulia uwe mtoto wa ule ulio juu yake. Sasa nipo kwenye Kupogolea, wa kwanza katika ndugu zake. Nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Sababu ni kwamba hana mkubwa wake wa kumbeba mgongoni. Inaeleweka ukishaambiwa, ila nani amekuambia? Mama mdogo alidhani kibodi imeingia vumbi, akaenda kuipuliza.

Na kuna vibaya zaidi. Kama Dawa imefungwa, na mimi nipo kwenye Mavuno iliyo chini yake, nikabonyeza Tabu: Mavuno imezama. Imeingia ndani ya Dawa na mlango umefungwa nyuma yake. Programu ingefungua tu ule mlango tukaona mgeni ameingia, kosa lisingekuwepo.

Ukibonyeza Shifti na Tabu pamoja, mstari unarudi kushoto. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Nachukua Dawa, naivuta kushoto itoke ndani ya Kikao cha Juni. Swali: wadogo zake, Mavuno na Madeni, wanabaki kwa nani? Kuna programu ambazo Dawa anahama peke yake, anaenda kukaa baada ya baba yake, na wadogo wanabaki kwa baba. Kuna nyingine Dawa anabaki palepale kwenye mpangilio wa juu kwenda chini, anapanda ngazi tu, kwa hiyo wote waliokuwa chini yake wanageuka watoto wake. Yetu hii ni ya aina ya pili. Angalieni: Madeni sasa ni mtoto wa Dawa. Kwa kikundi kile si uongo sana, lakini hakuna aliyeamua hivyo kikaoni.

Logseq, programu nyingine ya aina hii, jambo hili imelimaliza kistaarabu: kwenye mipangilio kuna swichi, unachagua mwenyewe wadogo wafuate au wabaki. Kwenye hii nimetafuta swichi hiyo mpaka chai ikapoa. Haipo.

Kufuta nitalipitia haraka. Kichwa kilichofungwa kinaonekana mstari mmoja, ukikifuta kinaondoka na ukoo mzima, na huulizwi. Kontro na Z inarudisha, nimeijaribu mara nyingi, haijaniangusha. Hilo naipa alama zake.

Kwenye simu, najua wengi wenu mko huko, hakuna Tabu wala Shifti. Juu ya kibodi kuna vimshale vinne vidogo. Cha kwenda kushoto kinavuta mstari. Cha kushoto kilichopinda kinatendua ulichofanya. Vimepangwa bega kwa bega. Ukiwa kwenye daladala ya Mtumba, barabara inakurusha, unataka kutendua kosa, unaongeza la pili.

Je, uitumie? Kama wewe ni mwanafunzi pale UDOM unaandaa utafiti, itumie, mpangilio wa sura utakuwa mwepesi kuliko kuburuta kurasa. Ila anza na maandishi ya mchezo, siku mbili, ubonyeze kila kitufe mpaka ujue tabia zake. Kama unataka kumwekea mzazi wako, kaa naye kwanza. Mimi sikukaa, niliweka nikaondoka kuwahi basi. Kwa kasi naipa nane kwa kumi, haijawahi kukwama hata mihtasari ilipokuwa mirefu. Kwa vitufe naipa nne, na moja kati ya hizo ni ya Kontro na Z.

Kipande cha nukta nilimtumia mama mdogo jana kabla sijamaliza kuhariri. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma: "Nimeona, mwanangu. Kumbe nilikuwa chumbani. Sasa kikao cha Jumamosi nitaandika kwenye daftari, halafu wewe utakuja kuingiza."

Jumamosi nipo Mpunguzi.