Uzoefu wangu wa kusomea urubani wa ndege za abiria Wilson, Nairobi

Nilisomea urubani katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kuanzia Januari 2018 hadi Novemba 2019, nikitokea Tanga. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu mengi nitakayoyaeleza yanahusu namna biashara hii ya mafunzo inavyoendeshwa kwa jumla, na mengine huenda yamekwisha kurekebishwa tangu nilipoondoka. Ninamwandikia kijana anayetamani kazi hii, na zaidi mzazi wake, ambaye anafikiria kulipa mamilioni ya shilingi na mpaka sasa ameona karatasi ya ada tu.

Na nianze na karatasi hiyo. Niliyopewa mimi ilikuwa na jumla moja chini, iliyokokotolewa kwa saa chache kabisa zinazokubalika kisheria: saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, ambayo sote huiita PPL, kisha saa 200 kwa ujumla hadi kufikia CPL, yaani leseni inayokuruhusu kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege. Baba aliuza kiwanja cha Pongwe kwa kuiamini jumla ile. PPL yangu niliipata nikiwa na saa 58, na katika darasa letu la watu tisa hakuna hata mmoja aliyemaliza kwa 40. Saa 18 za ziada hazikutupwa, kwa kuwa zinahesabika ndani ya zile 200, lakini saa ya kuruka na mkufunzi ni ghali kuliko saa ya kuruka peke yako, na sheria bado inakudai uwe umeruka saa 100 ukiwa wewe ndiye rubani mkuu. Kwa hiyo nilimaliza na saa 219, na tofauti hiyo ililipwa na dada yangu kwa mkopo wa kazini kwake.

Saa yenyewe huhesabiwa kwa namna ambayo mgeni haijui mpaka aone bili. Ndani ya ndege kuna mita ndogo inayoanza kwenda injini inapowaka na kusimama inapozimwa, na husoma kwa sehemu za kumi, kwamba dakika sita ni nukta moja. Wilson nao ni uwanja wenye shughuli nyingi mno. Ndege za watalii waendao Maasai Mara, za mashirika ya misaada na za madaktari wa AMREF hutumia njia zile zile za kurukia anazotumia mwanafunzi, na mwanafunzi ndiye wa mwisho kupewa nafasi, jambo ambalo ni haki kabisa. Asubuhi moja ya Februari nilisimama nyuma ya ndege nne za watalii aina ya Karavani nikisubiri ruhusa ya mnara, propela ikizunguka, nikiitazama mita: nukta moja, mbili, tatu. Dakika kumi na nane za kiwanja cha Pongwe ziliishia pale pale kwenye lami. Muulize mapema mwenye chuo kama mazoezi ya kupaa na kutua hufanyika Wilson peke yake, au kama wanafunzi hupelekwa penye utulivu kama Orly, upande wa Kajiado, ambako mtu hutua mara nane kwa muda ambao Wilson ungemruhusu atue mara nne.

Hata hivyo, Wilson ulinipa jambo moja ambalo nisingelipata Tanga. Uwanja huo uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ya Cessna 172, ndege yetu ya mafunzo, hukosa pumzi pale kama mtu wa pwani aliyeambiwa akimbie Lushoto. Kabla ya kupaa hulazimika kuvuta kidogo kishikio chekundu ili upunguze petroli iendane na hewa iliyopo, usikilize injini inavyobadilika sauti, ndipo uanze kukimbia. Ukijaza matanki, ukaongeza watu wawili na jua la saa saba mchana, njia ya kurukia huliwa mpaka moyo unakwenda mbio. Nilizoea kukokotoa umbali huo kwa kalamu kila mara kabla ya kuingia ndani ya ndege, na nilipokuja kutua Seronera, Serengeti, miaka kadhaa baadaye, katika kiwanja kilichopo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hesabu ile ilikuwa imekwisha kuwa tabia.

Kila safari ilianza na kikombe. Ni kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye kijiti katikati. Unakisukuma chini ya bawa, petroli inachuruzika, kisha unakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege zetu ni ya buluu hafifu, na maji yakiwamo hujikusanya chini kama shanga zisizo na rangi. Asubuhi moja ya Julai, baada ya ndege kulala nje na matanki nusu usiku wa baridi, nilizikuta shanga hizo. Mkufunzi wangu wa kwanza, mzee aliyewahi kurusha Fokker 27, alikuwa amesimama mikono mifukoni bila kusema neno.

"Umeona nini?"

"Maji, Kapteni."

"Ungeruka nayo?"

"Hapana, Kapteni."

"Basi mwaga, uchukue tena. Halafu bawa la pili."

Nilichukua mara tatu mpaka kikombe kikawa safi. Mzee huyo ndiye kitu bora kuliko vyote nilivyolipia, na nilikuwa naye miezi minane tu. Baada yake nilibadilishiwa wakufunzi mara tatu. Wengi wa wakufunzi ni vijana waliomaliza CPL karibuni, nao wanafundisha ili wajikusanyie saa zao. Siku wanapopata kazi ya kurusha watalii, wanaondoka, na sidhani yupo wa kuwalaumu. Tatizo ni kwamba kila mkufunzi mpya hutaka kwanza kukuona ukifanya yale uliyokwisha kuyafanya, na ndege ya kumwonyesha hulipiwa na wewe.

Karatasi ya ada ilisema chuo kina ndege sita. Sikumbuki siku hata moja nilipoziona sita zikiruka. Ndege ya mafunzo hukaguliwa kila baada ya idadi fulani ya saa, ukaguzi wa saa 100 ukiwa mzito zaidi, na kipuri kikikosekana husubiriwa kutoka ng'ambo. Kuna kipindi wanafunzi zaidi ya ishirini tulikuwa tukigombea ndege mbili. Ongeza na hali ya hewa: kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi huamka chini ya wingu zito lililokaa chini, na mwanafunzi ambaye bado hajaruhusiwa kuruka kwa kutegemea vifaa hukaa benchi mpaka saa nne au saa tano wingu linyanyuke, akiomba jina lake lisirukwe. Nilipata wiki nzima yenye saa moja tu ya kuruka. Mikono husahau haraka, na saa inayofuata hutumika kuikumbusha. Kama ningepewa swali moja tu la kuuliza kabla ya kulipa, nisingeuliza chuo kina ndege ngapi. Ningekwenda pale siku ya kazi asubuhi, nihesabu zilizoko angani.

Masomo ya darasani sina lawama nayo: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, injini, mwili wa binadamu akiwa angani. Aliyefaulu fizikia na hisabati za kidato cha nne na mwenye Kiingereza cha kutosha cha redio atayaweza akitulia.

Kuruka peke yangu mara ya kwanza kulikuja nikiwa na saa 21. Baada ya mizunguko mitatu mizuri mzee aliniambia nisogee pembeni, akafungua mlango, akasema, "Mmoja tu, halafu uje unichukue," akashuka. Bila uzito wake ndege ilipanda kwa wepesi ulionishtua, nikajikuta kwenye kimo cha kugeuka kabla sijawa tayari kugeuka. Niliporudi wenzangu walinimwagia ndoo ya maji baridi, kama ilivyo desturi.

Kipimo halisi cha CPL ni safari ya maili za baharini 300, yaani karibu kilomita 556, ambamo unatua katika viwanja viwili tofauti, peke yako. Nilikwenda Kisumu, kisha Eldoret, kisha nikarudi Wilson. Upepo wa mashariki ukivuka milima ya Ngong hudondokea upande wa Bonde la Ufa, na ndege ndogo hudondoka nao. Nilikuwa nimeambiwa nivuke nikiwa na kimo cha akiba, na nilielewa kwa nini nilipoona mshale unaonyesha ninashuka ilhali pua imeinuka na injini inanguruma. Niliondoka mapema ili nipite jirani na Kericho kabla mawingu ya mchana hayajasimama, kwani eneo hilo linajulikana kwa mvua ya mawe. Kisumu nililipa ada ya kutua, ambayo nayo haikuwamo kwenye karatasi, nikanywa chai, nikatazama ziwa. Kiwanja cha Kisumu kipo mita 1,157 na cha Eldoret kipo juu ya mita 2,100, na ndege ile ile, siku ile ile, ilipaa kana kwamba ni ndege mbili tofauti.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo vyuo huipita haraka. CPL yenye saa 200 haikuweki katika chumba cha rubani cha ndege kubwa. Mashirika huhitaji pia ruhusa ya kurusha ndege ya injini mbili na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vifaa, ambazo kwangu zililipiwa kando; na ili uwe kapteni wa shirika, leseni ya juu kabisa huhitaji saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 ndipo wengi hukwama. Mimi nilimaliza Novemba 2019, na tarehe 25 Machi 2020 Kenya ikasimamisha safari za kimataifa za abiria kwa sababu ya Uviko. Nilirudi nyumbani, nikabadilisha leseni kuwa ya Tanzania, nikafanya mtihani wa sheria na jaribio la kuruka, kisha nikaajiriwa na kampuni ndogo Dar es Salaam si kama rubani bali kama mpima mizigo. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilisimama kwenye mizani nikiwaeleza watalii kwamba kilo 15 ni kilo 15, na kwamba sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la Karavani. Kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, nilikipata mwishoni mwa 2021, kwa sababu nilikuwapo pale siku kilipokuwa wazi, na msimamizi alikuwa amekwisha kuona jinsi ninavyojaza fomu za uzito.

Kazi yenyewe naipenda. Dar kwenda Unguja ni kama dakika ishirini, na kwa siku nzuri tunakwenda na kurudi mara kadhaa. Kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti tunapita kwanza chini chini kutazama kama nyumbu wamehama njia. Hatuna wahudumu, kwa hiyo rubani ndiye anayefunga mlango, anayeeleza mikanda na anayebeba mabegi. Daftari langu la kuruka sasa lina saa 1,380.

Chuo kile ningekipa nyota tatu kati ya tano. Ufundishaji, hasa wa yule mzee, ulistahili zote tano. Ratiba na uwazi wa ada havistahili hata mbili. Vikombe vyao vilikuwa safi na mafundi wao hawakuwahi kunipa ndege waliyoitilia shaka, nami kwa hilo nawashukuru, kwa sababu kusubiri fundi aseme ndiyo ni kero nafuu kuliko zote nilizozieleza.

Hasira niliyobaki nayo ni kwa ajili ya mwenzangu mmoja wa darasa. Alilipa awamu ya kwanza, akanunua sare na vifaa vya masikioni, akaanza kuruka, ndipo akapelekwa kupimwa afya ya daraja la kwanza, ile inayotakiwa kwa CPL. Daktari alimfunulia kurasa zenye nukta za rangi, akashindwa kuona namba zilizofichwa ndani yake. Alikuwa na upungufu wa kutofautisha rangi, amezaliwa nao, na katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwambia. Fedha hazikurudi. Chuo kingeweza kumdai cheti hicho kabla ya kupokea shilingi yake ya kwanza, na hakikufanya hivyo.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia mwezi uliopita akaniuliza, "Mjomba, nianze na chuo kipi?", nilimwambia aanze na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na achague daraja la kwanza hata kama chuo kitamwambia la pili latosha kwa PPL. Kurasa za nukta amezisoma zote, moyo umepimwa. Tunasubiri majibu ya masikio, na dada bado hajatangaza kuuza shamba lake.